Hasra

Mimi ni mtu wa hasira, wala sijifichi. Dukani kwetu mjini Kisii tunauza vitambaa, na wateja wananijua: ukinivurugia majora halafu uondoke bila kununua, utaambiwa ukweli wako.

Nilipojiunga na darasa la Kiarabu la wanawake pale msikitini, ikawa kama nasomewa tabia zangu hadharani. Mwalimu wetu, bibi mmoja mjane, Mungu amlipe kheri, alitufundisha maneno ya kale ya watu wakorofi. Shakis, mtu mgumu, wa kugombana na kila mtu. Ghadhub, mwepesi wa kupandwa na hasira. Aladd, yule ambaye akishaanza ubishi hakubali kushindwa hata akijua amekosea. Kila neno likitajwa, wenzangu wananigeukia. Nikacheka nao, ingawa hilo la tatu lilinichoma.

Lilinichoma kwa sababu ya mama yangu. Yeye ni Msabato wa kijijini kwetu, Kiogoro. Mimi nilisilimu nilipoolewa. Mara ya kwanza kurudi nyumbani nikiwa mke wa mtu, nilibeba sufuria yangu, nisije nikala kwenye chombo kilichopikiwa nguruwe. Mama akaniuliza, "Tangu lini Msabato akala nguruwe? Wewe si nilikulea mimi?" Kweli tupu. Badala ya kuomba radhi nikamwambia yeye ni mgomvi tu, nikachukua sufuria yangu nikaondoka. Miaka miwili hatukusemezana.

Basi mwalimu akaandika neno jingine ubaoni: hasra. Nikadakia kabla hajauliza, "Hilo nalijua, ni hasira."

"Hapana, mwanangu," akasema. "Kwa Waarabu hayo ni majuto. Ni uchungu wa kitu kilichokuponyoka."

Nikabisha. Nikabisha tena. Kisha nikaikumbuka ile sufuria yangu, nikaliandika neno kama alivyosema.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kiogoro. Nilimkuta mama jikoni akimenya ndizi. Nikapiga magoti nikamwambia nimekosa, na nimejuta. Hakunitazama mpaka alipoimaliza ndizi iliyokuwa mkononi.

"Mimi nilikasirika siku ile moja tu," akasema. "Hizo zingine zote nilikuwa nakungoja."

Nilichukua kisu cha pili nikakaa karibu naye, nikamshukuru Mungu kwamba nimemkuta kabla hajaniponyoka.