Mstari Uliotangulia Mkutano

Kitabu kile kilikuwa na kurasa mia tatu, wala hakikuwa na mkwaruzo wa kalamu hata mmoja. Kwa miaka ishirini na miwili Karani aliandika humo mihtasari ya vikao vya halmashauri ya kijiji, kwa wino wa chupa, mwandiko ukilala kidogo upande wa kulia. Wageni kutoka wilayani walionyeshwa kitabu hicho kama watu wengine wanavyoonyesha ng'ombe wa maziwa. Shule aliiachia darasa la nne. Mengine yote alijifundisha mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari na vijitabu vya sheria alivyovikuta kabatini ofisini. Hakuna aliyemfundisha, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mwandiko mzuri na ukweli ni vitu viwili.

Usafi wa kitabu ulikuwa na ujanja wake. Mwisho wa kila muhtasari huwa ni uleule, basi Karani aliuandika mapema, nyumbani, mkono ukiwa umetulia. Kikao kikihusu mkataba, mstari wa mwisho ulikuwa ukimsubiri tayari: "Mkataba ulisomwa neno kwa neno, wajumbe wakauelewa, wakaukubali." Mstari huo haukuwahi kumsuta, maana ndivyo ilivyokuwa. Mkataba wowote, hata wa kukodi trekta siku tatu, Karani alisimama akausoma wote kwa sauti, kisha akauliza mara tatu, "Nani ana neno?" Dirisha liliachwa wazi, na chini yake kulikuwa na benchi la wasio wajumbe, ili na wao wasikie. Mkataba wa kisima ulisomwa siku mbili. Mjumbe mmoja alisinzia, akaamshwa, kifungu kikarudiwa kwa ajili yake peke yake. Watu wa wakati ule hawakuwa na nafasi kuliko wa leo. Walikuwa na adabu ya kuitafuta.

Kisha akaja mwenyekiti mpya, kijana wa simu mbili. Mota ya mashine ya kusaga ikaibwa, na kabla mwezi haujaisha mwenyekiti alikuwa ameshapata kampuni ya ulinzi.

Mlinzi wa kijiji alikuwepo. Alikuwa mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Filimbi, kwa sababu ya filimbi ya bati iliyoning'inia shingoni mwake kwa miaka ishirini na sita. Alilinda ghala, zahanati na mashine, na kila alfajiri alizunguka akitikisa kufuli moja moja. Alikuwa kaka wa mke wa Karani, na utani wao haukuwa na likizo.

"Shemeji, wewe unalinda karatasi, mimi nalinda mahindi," Filimbi alizoea kumwambia. "Njaa ikija tutaona nani atatafuna chake."

Siku ya kikao cha mkataba walihitajika wajumbe wanane kati ya kumi na watano ndipo akidi itimie. Walifika saba. Mwenyekiti akampigia wa nane, akaweka simu mezani, na sauti ikatoka humo ikisema, "Niko pamoja nanyi." Akahesabiwa. Mtu wa kampuni, aliyevaa tai, alilalamikia vumbi, dirisha likafungwa. Filimbi alikuwa nje kwenye benchi, shingo ameinyosha kama kuku anayesikia mwewe.

Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na tisa. Karani alikuwa ameusoma mara mbili jana yake, na kando ya kifungu cha kumi na moja alikuwa ameweka alama ya penseli. Kifungu hicho kilisema kwamba walinzi wa zamani wataondolewa, kwamba mtu yeyote akikutwa ndani ya lindo bila kibali cha maandishi kati ya magharibi na macheo atahesabiwa mhalifu, na kwamba kampuni haitawajibika kwa madhara yatakayompata. Alijua pia kwamba mkataba wa namna hiyo haukutosha kupitishwa na halmashauri peke yake. Ulipaswa kwanza kwenda mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Alikuja amejiandaa kuyasema yote mawili.

"Karani, tufupishie," mwenyekiti akasema. "Mgeni ana safari."

"Desturi yetu ni kusoma wote."

"Desturi hailali njaa, mzee wangu. Mgeni wetu ana watu wanamsubiri."

Mtu wa kampuni alikuwa amekivuta kitabu, anakitazama. "Huu mwandiko ni wa nani? Wako, mzee? Basi hapa mna mwanasheria na hamjui."

Karani alisikia masikio yakipata joto. Ni aibu kulisema, lakini ilikuwa joto la furaha. Akatazama ukurasa. Mstari ulikuwa pale, umekwisha kukauka: ulisomwa neno kwa neno. Asiposoma, itabidi aukate. Akaufikiria ule mkwaruzo, wa kwanza katika miaka ishirini na miwili, mbele ya mgeni aliyemwita mwanasheria. Akasoma kichwa cha mkataba, muda wake na mahali pa saini. Akauliza "Nani ana neno?" mara moja. Hakuna aliyekuwa nalo. Mihuri ikalia, na kile alichokuja kukisema akarudi nacho mfukoni.

Nje, Filimbi akamwuliza, "Wamesemaje, shemeji?"

"Mambo ya kawaida tu. Utapumzika sasa."

"Na filimbi?"

"Kaa nayo."

Ndivyo alivyomwambia, wala hakuongeza neno.

Walinzi wapya walikuja na mabuti na virungu, watu wa mbali wasiomjua hata mbwa wa kijiji kwa jina. Filimbi alipewa barua ya kumshukuru. Barua aliisoma yeye, miguu yake haikuisoma. Siku ya kumi na moja, alfajiri, miguu ilimwamsha kama kawaida, ikampeleka ghalani. Akaanza kutikisa kufuli. Mlinzi akatokea upande wa pili na kumkuta mtu ameshika kufuli la ghala. Filimbi naye akamwona mtu asiyemjua karibu na ghala la kijiji, akafanya alichokifanya maisha yake yote, akapuliza filimbi. Kila mmoja alidhani amekamata mwizi, ila mwenye kirungu alikuwa mmoja. Mguu wa Filimbi ulivunjika mahali pawili.

Karani alipofika wodini alikuta mguu umefungwa jiwe jeupe la plasta na mkewe amekaa kando ya kitanda na chupa ya chai.

"Shemeji, usisimame hapo kama mlingoti, kaa," Filimbi akasema. "Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza mimi nani. Mimi. Kwenye ghala lile."

"Pole sana."

"Ningemwambia, lakini filimbi ilikuwa mdomoni."

Mkewe hakucheka. "Wanasema haruhusiwi kufika pale, eti imeandikwa," alisema. "Kaka yangu angejuaje? Nani alitakiwa kumwambia?"

Alikuwa anauliza tu, kama watu wanavyomwuliza Mungu. Karani akachukua chupa ya chai iliyojaa, akasema anakwenda kuijaza.

Wiki ya tatu akaja wakili, binti mdogo wa ofisi ya msaada wa sheria, aliyekuwa amechukua shauri la Filimbi. Asubuhi hiyo mwenyekiti aliwahi ofisini kumkuta Karani peke yake.

"Funika kombe mwanaharamu apite," alimwambia. "Kitabu kinajieleza chenyewe, wewe mpe tu. Na kumbuka, muhtasari wa uongo una jela yake, na mwandiko si wangu."

Wakili alisoma ukurasa ule polepole, kidole kikifuata mistari kama mtoto wa shule, na Karani akampenda kwa hilo hata akiwa anamwogopa.

"Nitasema wazi," wakili akasema. "Kifungu cha kumi na moja hakimfungi mzee, maana hakutia saini. Lakini kampuni inadai alionywa. Inasema mkataba ulisomwa hadharani neno kwa neno, dirisha wazi, kama desturi yenu ilivyo, na yeye alikuwa kwenye benchi. Shahidi wao ni kitabu hiki. Kama kweli ulisomwa, kazi yangu ni ngumu. Kama haukusomwa, na akidi haikutimia, na mkutano mkuu haukuitwa, basi halmashauri haikuidhinisha kitu, na hapo tunaanza kuongea lugha nyingine."

"Ulisomwa," mwenyekiti akasema.

Wakili akafungua kurasa za nyuma, moja baada ya moja. "Kitabu kizuri kweli. Sijawahi kuona kitabu cha kijiji kisicho na kosa hata moja."

Karibu maneno yale yale ya mtu wa tai. Safari hii Karani hakupata joto. Alihisi kama mtu aliyesifiwa kanzu na huku anajua aliivua kwa maiti.

"Kosa limo," akasema. "Ukurasa huo ulioushika. Mstari wa mwisho niliuandika siku moja kabla ya kikao."

Mwenyekiti akaingilia. "Mzee, umejichimbia kaburi."

"Kalamu unayo, mzee," wakili akasema. "Unaweza kurekebisha?"

"Hapa siwezi. Muhtasari uliothibitishwa na kikao haukatwi na mtu mmoja mezani kwake. Hukatwa na kikao, mbele ya waliokuwepo, na anayekata anatia saini pembeni." Hayo nayo alijifundisha mwenyewe, na yalikuwa machungu mdomoni, kwa kuwa sheria zote alizijua tangu mwanzo.

Kikao kiliitwa Jumamosi. Safari hii walifika kumi na mmoja, wengi kwa umbea. Karani alifungua dirisha kwa mkono wake. Filimbi aliletwa kwenye mkokoteni akalazwa kwenye benchi, magongo yameegemezwa ukutani, dada yake kichwani pake. Karani akasimama, akaeleza habari ya mstari, akaeleza na sauti iliyotoka kwenye simu ikahesabiwa mtu, na mkutano mkuu ambao haukuitwa, kisha akausoma mkataba. Alisoma kurasa zote kumi na tisa. Wajumbe watatu waliaga kabla hajafika katikati, mmoja akacheza na simu yake bila kuificha. Zamani mtu angeona haya. Alipofika kifungu cha kumi na moja akakisoma polepole, neno kwa neno. Hakumtazama mkewe.

"Nani ana neno?"

Akageukia dirisha.

"Nani ana neno?"

"Mimi," ikatoka dirishani. "Hicho cha kumi na moja, kirudie."

Karani akakirudia.

"Kumbe hicho tu," Filimbi akasema. "Maneno machache vile. Ungenisomea siku ile nisingekwenda, shemeji. Mimi mtu wa amri. Miaka ishirini na sita nimeambiwa kaa nikakaa."

Hakuna aliyecheka, wala yeye hakuwa anatania. Mkewe Karani aliinuka kutoka kwenye benchi, akakung'uta kanga yake, akaondoka kuelekea nyumbani bila kugeuka.

Karani akauliza mara ya tatu. Kisha akainama, akavuta mstari wa wino juu ya mstari ule, kuanzia "Mkataba" hadi "wakaukubali". Alibonyeza mno, nibu ikachana karatasi, wino ukapenya hadi ukurasa wa nyuma, ukachafua kikao cha mwezi uliotangulia ambacho hakikuwa na kosa lolote. Akatia saini pembeni. Wakili akaomba nakala. Mwenyekiti akasema kijiji kitatafuta karani mwingine, na hakuna aliyebisha, hata Karani mwenyewe.

Ilibaki kuufunga muhtasari wa siku ile. Akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, waliokuwepo na waliotoka mapema. Alipofika mwisho kalamu ikasimama. Hakuwa ameandika chochote jana yake.

Akaenda dirishani. "Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "hapa mwisho niweke nini?"

Filimbi alikuwa anajaribu kusogeza mguu kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha gogo.

"Andika nimesikia," akasema. "Zaidi ya hapo usiandike."