Kibao cha Merikani

Salma mwanangu, umetuletea khabari kwamba mji ule unakosoma kule Amerika unataka kusimamisha kibao kipya mbele ya kiwanda cha nguo, na wamekuomba wewe, binti wa Kizanzibari wa hapa Omani, uwaandikie maneno mawili matatu. Mama yako kasikia, kenda zake jikoni. Usidhani kakasirika. Kaa hapa na khaloo wako, mama yako mdogo, nikwambie.

Naikumbuka siku waliyokuja kumposa mama yako. Si baba yako, mwengine kabla yake, na Asya, mama yako, alimpenda, nisikufiche. Mimi mdogo wake nilikuwa nimerudi likizo kutoka mji huohuo wako, nilikokuwa nikisoma. Wenzetu wa kule wana ada yao: penye jambo lolote husimamisha kibao cha chuma kando ya njia, mpita njia akasoma nani alipita pale na nani alijenga. Basi nilipiga picha kando ya kibao cha kile kiwanda, meno yote nje, na picha ikawekwa kabatini, hapahapa Bawshar.

Wageni walikuwa wanawake wa nyumba yenye jina, kutoka Maskati. Halwa imeliwa, kahawa inazunguka, neno la posa bado. Mama wa kijana akaiona picha, akaniuliza pameandikwa nini. Nikamtafsiria kwa madaha: hapa ilifumwa merikani, ile nguo ya pamba iliyovaliwa Unguja yote.

Akacheka. "Merikani! Si nguo ya watumwa wetu ile?"

Wenzake wakacheka, na mimi nikatabasamu kwa adabu. Lakini Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa kwenye pembe na tasbihi yake, na tasbihi ikasimama. Mama yetu akaiona. Wallahi sijapata kumuona mama yangu na uso ule.

Unajua mambo yetu: chetezo cha udi kikishapitishwa, wageni hujifukiza wakaaga, mazungumzo yamekwisha. Mama akanikonyeza. Nikakimbilia jikoni, nikatia kaa, nikatia udi, wala sijui haraka ya nini. Nyuma ya mlango Asya alikuwa kaniganda kwa macho. "Harakisha," akaninong'oneza. Kumbe yeye alijua Bibi atasema nini.

Nikaingia na moshi wangu. Bibi akanitazama mimi, si wageni.

"Weka chini hicho chetezo. Nna neno langu."

Mama akasema taratibu, mama, wageni wanataka kwenda. Nilisimama katikati ya watu, huku mama ananiashiria nipite, huku Bibi ananingoja. Nikakiweka chini.

"Mama yangu aliivaa merikani," akasema. "Alinunuliwa Unguja, bado mtoto. Akiitwa Zafarani. Kibao hicho kimemtaja aliyeifuma. Aliyeivaa nnamtaja mimi."

Mama wa kijana akakitua kikombe chake polepole, akasema jua limekuwa kali, wakaondoka bila ya kujifukiza. Hawakurudi tena.

Mama yako alilia mpaka sauti ikamkauka. Alimwambia Bibi, ungenyamaza siku moja tu, kwa ajili yangu. Na Bibi naye alikuwa analia, maana alimpenda Asya kuliko sisi sote. Akamuuliza, "Na watoto utakaowazaa, ungewaficha mama yangu mpaka lini?" Mama yako akaingia chumbani mwake akajifungia.

Baba yako alipokuja kuposa, mama yako mwenyewe alisema aambiwe khabari ya mama wa Bibi kabla ya kahawa. Akaambiwa. Akauliza jina lake nani, akaambiwa Zafarani, akasema Mungu amrehemu, kisha akaomba halwa. Na mtoto ambaye Bibi aliuliza kama atafichwa, ndiye wewe.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usiwatukane wenyeji wako, wala usiwapambe. Waliofuma nao walichoka, waache kwenye kibao chao. Lakini kibao huandikwa na aliyepo, na ukiulizwa ukanyamaza kwa haya, chuma kitasimama pale na nusu ya khabari, na watu watapiga picha wakicheka kama nilivyocheka mimi. Na popote utakapokuwa, akitaka mtu kusema la kweli lenye kumuuma, usiwe wewe wa kukimbilia udi.

Mama yako huyo anarudi. Tazama, kashika birika la kahawa, si chetezo. Haya Asya, mwambie mtoto.

"Andika Zafarani," amesema. "Andika ni mama wa bibi yetu."

Umesikia. Nenda, mwanangu, Mungu akupe mkono usiotetemeka, akulinde ugenini, akurudishe kwetu salama. Na Zafarani amlaze pema. Amin.