Mama Juu ya Mti wa Miraa

Ile ploti ya Kinoru niliijenga mwenyewe. Darasa la sita sikumaliza, na leo wenye digrii ni wapangaji wangu. Nilikuwa nikimwambia kila mtu hakuna aliyenishika mkono.

Vibanda vya akina mama sokoni vilipochomwa kwenye fujo, majirani walikaa muda mrefu bila kusalimiana. Akina mama wakaja kuniomba ukuta, wachore wanawake wa hapa, wa kila aina, labda watu wataangaliana tena usoni. Nikakubali. Nani mwingine ana ukuta mrefu kama wangu? Msichana mchoraji akaanza: mwalimu, mama wa kiti cha magurudumu, mke wa mwenye buchari na buibui yake. Siku ya nne nikakuta wanaume wamejaa mbele ya ploti, wameinua macho ukutani.

Ukutani kulikuwa na mwanamke juu ya mti wa miraa, anachuma.

Kule Ishiara akina mama huchuma muguka, ile miraa ya majani, mchana kweupe na hakuna anayegeuka kuangalia. Lakini miraa, kwetu Meru, mwanamke hagusi mti. Wanasema utakauka.

"Boss," akasema mzee mmoja, mnunuzi wangu wa miraa wa miaka mingi, "siku hizi ukuta wako umevaa sketi?"

Wakacheka, kicheko kibaya. Mwingine alikuwa na mkebe wa rangi nyeusi. "Wewe msichana, shuka kwenye hiyo ngazi, ama tukupake pamoja na yeye."

Hakushuka. Akaniangalia mimi. "Mzee, hii hadithi nilipewa na nyanya mmoja. Mjane alikuwa akivaa koti la marehemu bwanake, anapanda mti asubuhi ukungu ukiwa bado, asijulikane. Sijui alikuwa nani."

Mimi nilijua. Nilikuwa nimemwapia sitasema. Na ule mtaji wa kwanza, ambao mimi husema niliutoa kwa mgongo wangu, ulitoka ndani ya hilo koti.

Nikinyamaza, wanampaka nyeusi ameisha. Nikisema, nani atanunua miraa kwangu tena?

"Ni mama yangu."

Sauti ilitoka ndogo, na mimi si mtu wa sauti ndogo. Nikarudia. "Ni mama yangu! Na ile miti iko, haijakauka. Hiyo uko nayo shavuni, mzee, imetoka huko."

Taya la mzee likasimama. Akatema kwenye kiganja, akaangalia, akafikiria. Kisha akairudisha mdomoni.

"Haiya!" mke wa mwenye buchari akaita kutoka ng'ambo ya barabara. "Mbona umerudisha? Si utakauka, baba!"

Wengine wakacheka. Mwenye mkebe hakucheka, wala hakuuweka chini. Nikampa mgongo, nikashika ngazi kwa mikono yote miwili.

"Maliza vidole vya mama," nikamwambia msichana.

Akachovya brashi. Akaanza na kidole gumba, pale kinaposhika tawi.