Mwaka Kisumu iliposoma kitabu kimoja, na mke wangu akapoteza sauti

Hamjambo wakuu. Miaka yote nimekuwa nikisoma tu nyuzi zenu, leo nimeamua kuandika wangu. Ni mambo ya nyumbani kwangu, sijaongeza chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tunaishi Obunga, mtaa wa hapo Kisumu. Mimi naendesha trekta ya miwa huko Muhoroni, narudi Jumamosi. Mke wangu Achieng' alikuwa anakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki viwandani mnofu ukishakatwa. Tulikuwa na msichana mmoja, Atieno, bado wa kubebwa mgongoni.

Sasa kulikuwa na mwalimu mstaafu, Mwalimu Okoth. Akaja na project ya ajabu. Mji mzima usome kitabu kimoja, kwa wakati mmoja.

Alizunguka makanisani na msikitini akitafuta nakala, mpaka kila mtaa ukapata. Sharti: sura moja kwa wiki, hakuna kutangulia. Mwishowe tukutane wote ukumbini tujadili.

Kitabu kilikuwa cha mama anayemtafuta mtoto wake aliyepotea.

Kwetu wengi hawakujua kusoma, kwa hivyo Achieng' ndiye aliwasomea, karai likiwa motoni. Huyo mwanamke alikuwa na sauti, wakuu. Akianza, wateja wanasahau samaki.

Jumapili baada ya kanisa unasikia mtu wa Kondele na mtu wa Otonglo wanabishana barabarani kama mtoto atapatikana. Watu hata hawajuani.

Halafu sauti yake ikaanza kukwaruza. Tukadhani ni moshi. Asali, limau, dawa ya kikohozi, wapi. Hospitali wakasema ni uvimbe kooni, na tumechelewa.

Aliendelea kusoma kwa kunong'ona, wanawake wa mtaa wakisogea karibu. Hata hiyo ilipoisha, jirani yetu Mama Rispa, aliyeachia shule darasa la tatu, akachukua kitabu. Alisoma silabi kwa silabi. Akikosea, Achieng' anagonga mkeka na kidole, naye anarudia. Hakuna aliyecheka.

Niliacha kazi Muhoroni nikakaa naye.

Siku moja mchana, wanawake wakiwa sokoni, akaniwekea kitabu mapajani na kufungua sura za mwisho.

Nikamwambia, "Mama Atieno, Mwalimu alikataza."

Akanitazama tu. Nikaelewa anajua hatafika huko na wenzake.

Nikasoma mpaka jua likaanza kushuka. Yule mama anampata mtoto, lakini mtoto amelelewa na watu wengine na hamjui. Anamkaribisha kama mgeni, anampa maji. Mama anakunywa, anashukuru, anaenda zake.

Achieng' alilia bila sauti. Atieno alikuwa amelala hapo kando. Mimi pia nililia, sitawaficha.

Kisha akavuta kichwa changu karibu na mdomo wake. Kwa pumzi tu akasema, "Usiwaambie. Waache watumaini."

Alifariki wiki hiyo hiyo. Tukamzika nyumbani Alego.

Baada ya matanga wanawake walirudi kwa kitabu. Mama Rispa anasoma, mimi nimekaa mlangoni na mtoto. Waliniuliza ninavyoona, atampata? Nikawajibu sijui.

Walipofika pale pa maji, Mama Rispa alimaliza, akafunga kitabu. Akamtazama Atieno.

"Huyu tutamwambia mamake alikuwa nani," akasema.

Na walimwambia, wakuu. Kila mmoja kwa namna yake, kwa karai, mtoni, njiani kutoka kanisani, mpaka msichana akawa mtu mzima. Leo anaweza kukueleza mamake alivyocheka, na yeye hakumbuki hata sura yake.

Ukumbini sikuenda. Nilisikia watu walijaa mpaka nje. Baadaye Mwalimu Okoth alihamia kwao mashambani, na mji haukusoma pamoja tena.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukiwa na mgonjwa wako, usingoje apate nafuu ndio ukae naye. Kaa sasa, msomee hata gazeti la jana.

Kama ulikuwa Kisumu wakati huo na mtaa wenu ulisoma, niandikie hapa chini ni nani aliwasomea. Hao watu nawafikiria sana, ningependa kujua majina yao.