Maharagwe ya Sura ya Nne

Nianze na ile inauma: matokeo ya projekti yangu niliyala mwenyewe. Sahani mbili. Ya pili niliomba.

Nilikuwa nasomea kilimo kwa chuo kimoja hapa Voi, kozi ya cheti, na ili umalize lazima uandike ripoti ya projekti. Yangu ilikuwa rahisi, ndiyo maana niliichagua. Unapanda maharagwe vipande viwili vya shamba. Kimoja unatia mbolea ya mbuzi, kingine unakiacha hivyo hivyo, halafu ukivuna unapima kilo. Nilipanda kwa shamba la mama kule Chawia, mteremko ambao ukiangusha jembe unalifuata kwa jirani. Kila wikendi nilipanda milima kwenda kupalilia, mimi ambaye nyumbani nilikuwa natoroka hata kufagia.

Yakakauka, nikavuna, nikapura, nikatia kila kipande kwa kiroba chake. Cha mbolea nikakifunga kamba nyekundu. Mizani ya chuo ilikuwa moja na tunapokezana, basi nikaacha viroba jikoni kwa mama, nikarudi Voi kungoja zamu yangu.

Jirani yetu akafariki, mzee wa watu, yule wa kutuazima ngazi. Kwetu kukiwa na matanga hakuna mama anaenda mikono mitupu. Nikapanda juu kuzika. Tulipomaliza tukapewa kimanga, muhogo na maharagwe yamepondwa pamoja, moto, laini. Nikala. Nikarudi kwa sufuria, na mama yangu ndiye alikuwa anapakua.

"Haya maharagwe ni matamu," nikamwambia. "Yametoka wapi?"

"Si ni yako."

"Yangu gani?"

"Yale ya jikoni. Viroba viwili."

"Vyote?"

"Watu ni wengi, wewe. Ulitaka nipime?"

"Mama, hayo yalikuwa ya shule."

"Na shule imefiwa?" akauliza, akaniongezea mwiko mmoja.

Nikarudi Voi nikamweleza mwalimu aliyenisimamia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kijana, mavuno ya kawaida unayajua. Andika hapo, ya mbolea uyapandishe kidogo. Nani atauliza?"

Rafiki yangu wa darasani, ambaye wazazi wake ni watu wa Mombasa wenye duka la nguo hapa sokoni, alinipa ushauri huo huo, ila kwa Kiswahili kizuri zaidi. "Ndugu yangu, andika upate cheti chako. Maharagwe hayana mdomo, hayatakusuta."

Hapo ndipo nikakataa. Usidhani ni utakatifu. Mtihani wa hesabu kidato cha pili niliangalizia kwa jirani wa dawati, na bado nikafeli, kwa sababu jirani naye alikuwa anaangalizia kwangu. Lakini haya maharagwe niliyajua. Nikiandika kilo, nasema kuna siku yalikaa kwa mizani. Hayakukaa. Yaliingia kwa tumbo za watu waliokuja kumlilia mzee, na mimi nikiwa mmoja wao. Sikuona kwa nini hiyo iwe aibu, halafu namba ya uongo iwe elimu.

Nikaenda saiba, kwa kompyuta za kulipia, nikachapa. Sura ya nne, ile ya matokeo, ikawa nusu ukurasa: kilo hazijulikani, kwa sababu mavuno yote yalipikwa matangani kabla ya kupimwa. Nikaandika na nilichokiona kwa macho yangu, kwamba upande wa mbolea majani yalikolea zaidi na maganda yalitoka mapema, lakini hata wadudu waliupenda zaidi. Kwa mapendekezo nikasema utafiti urudiwe na mwanafunzi ambaye mama yake ni mchoyo.

Siku ya kutetea ripoti walikaa walimu watatu. Mkubwa wao akafungua sura ya nne, akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma.

"Matokeo yako wapi?"

"Chawia, mwalimu. Kwa watu."

Mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mkubwa hakucheka. "Ripoti bila namba si ripoti. Lete namba Ijumaa, la sivyo cheti hakuna."

"Mvua ikinyesha si nipande tena?"

"Nimesema Ijumaa."

"Sasa hizo namba zitatoka wapi?"

"Hiyo ni kazi yako."

Ijumaa nikampelekea ripoti ile ile. Nilibadilisha jalada tu, la kwanza lilikuwa na doa la chai. Akafungua sura ya nne, akanitazama. Nikamtazama. Akaiweka kando, peke yake, mbali na za wenzangu, na masomo yangu yakaishia hapo. Cheti sina mpaka leo. Mama akiulizwa kama kijana wake alimaliza, husema, "Alibakisha kidogo," na mimi naongeza kwamba hicho kidogo kililiwa. Siku hizi nauza mbegu hapa Voi. Mteja akiniuliza kama mbolea ya mbuzi inasaidia maharagwe, namwambia naona kama inasaidia, lakini sijapima. Wengine wanaenda duka lingine. Waende.

Ile Ijumaa nilipotoka, rafiki yangu alikuwa ananingoja nje ya geti. Yeye alikuwa amepita, tena kwa kusifiwa. Tukatembea mpaka karibu na reli. Halafu akaangalia nyuma kama kuna mtu, akaniambia:

"Wewe una wazimu. Lakini nikwambie kitu, na usimwambie mtu. Kuku wangu wa projekti walikufa wote kabla hawajataga hata yai moja. Kwenye ripoti yangu bado wanataga, na mwalimu ameniuliza nawalisha nini."