Kata Iliyopita Bila Kupingwa

Watu wa Xiaobei, mtaa wetu hapa Guangzhou, China, hawaniamini nikiwaambia kwamba nimewahi kupiga kura Uingereza nikiwa na pasipoti yangu hii hii ya Tanzania. Wanaona napiga chuku. Basi niseme hapa mara moja na yaishe: mkazi halali anayetoka nchi ya Jumuiya ya Madola anaruhusiwa, na mimi nilikuwa mkazi halali. Nilimfuata mume aliyekwenda kusoma, ndoa ikafa, nikabaki kule nikitunza wazee. Nilipiga kura ya udiwani kila ilipokuja, na ningekuwa bado kule ningepiga tena.

Kata yetu ilikuwa na madiwani watatu, na karibu kila Mei kiti kimoja kiligombewa. Neno "kiligombewa" nalitumia kwa heshima tu. Chama kile kile kilikuwa kikishinda tangu nusu ya watu wa mtaa wangu hawajazaliwa. Ungesimamisha jiwe ukalivika utepe wa rangi ya chama, lingeapishwa. Zamani kulikuwa na miaka ambayo hakujitokeza hata mtu mmoja wa kupinga. Diwani alitangazwa amepita bila kupingwa, na watu wakaenda kazini kwao kama kawaida.

Haya yote nilisimuliwa na jirani yangu, bibi mmoja mjane aliyekuwa na duka la nyuzi za kufumia. Alinisimulia jikoni kwake, juu ya chai isiyo na sukari wala tangawizi, chai ya kumhurumia mtu. Yeye alikuwa akisimama kama mgombea binafsi kwa jambo moja tu: watoto walikuwa wakivuka barabara kubwa mbele ya shule bila alama yoyote ya kuwasimamisha madereva. Mara ya kwanza alishika mkia, nyuma hata ya jamaa aliyegombea kwa mzaha. Mara ya pili akasogea kidogo. Mimi nilimsaidia kugawa vipeperushi nyumba kwa nyumba. Milango ya kule ina tundu la kutumbukizia barua, na nyuma ya tundu kuna mbwa anayesubiri vidole vyako.

Siku moja nilimuuliza kama hachoki kushindwa. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama. Akaniambia kwamba mwaka wenye jina moja hauna uchaguzi, una tangazo tu, na yeye maadamu yuko hai, tangazo hawatalipata. Jina la pili litakuwepo, hata kama ni la mtu aliyeshindwa.

Na kweli hakushinda hata mara moja. Lakini mwaka aliposhika nafasi ya pili, wenye kata yao waliingiwa na baridi. Kabla ya uchaguzi uliofuata, mistari myeupe ya kuvukia ilichorwa mbele ya shule, na diwani akaja kupigwa picha juu yake. Bibi alivuka hapo hapo na kikapu chake akaenda kununua mkate.

Sasa niko Guangzhou, nanunua vitambaa kule soko la Zhongda na kuvipeleka Dar es Salaam. Sisi Watanzania wenye mizigo midogo tuna umoja wetu, tunachangia kontena moja, na tuna mwenyekiti wa mizigo, ambaye ndiye anayegawa nafasi. Ni yule yule tangu nilipofika. Vigae na vipuri vya wanaume vinapewa nafasi kwanza, halafu majora ya vitambaa yetu sisi wanawake yanasubiri kama kuna pembe iliyobaki. Mwaka jana haikubaki. Vitambaa vya Idi vilifika Dar Idi imeshapita, na kitambaa cha Idi kikichelewa ni cha kushonea mapazia. Mwenzetu mmoja alifunga duka lake Kariakoo. Nililia naye kwenye simu, kisha nikakasirika, na hasira haikuondoka. Idi nyingine ilikuwa inakuja na majora yetu yalikuwa yameshaanza kujaa ghalani.

Lazima nieleze tulivyokuwa tukimchagua huyu mwenyekiti. Jumapili moja kila mwaka tunakutana mchana kwenye mgahawa mmoja wa ghorofani, mtaa wa Dengfeng. Tunakula pilau. Mwenyekiti anatushukuru, anasema kama hakuna neno basi tusome Fatiha. Viganja vinainuliwa, Wakristo wanainamisha vichwa kwa adabu, tunajipangusa nyuso, imekwisha. Ikishasomwa Fatiha huwezi kurudi nyuma kusema hukukubali, utaonekana unachezea dini. Uchaguzi wetu wote ulikuwa ni huo. Miaka yote tulikuwa tukilifunga jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifungua.

Safari hii alipofika kwenye Fatiha niliacha mikono yangu mapajani. Nilikuwa nimekaa na wenzangu wa vitambaa karibu na mlango wa jikoni, nami niliogopa. Sitajifanya shujaa.

Mwenyekiti akaniona. "Dada, tunasoma Fatiha," aliniambia kwa upole.

"Nimesikia, Mwenyekiti. Fatiha inafunga jambo lililozungumzwa. Hili hatujalizungumza. Mimi nagombea."

Muuza simu mmoja akageuka na kiti chake. "Unagombea nini tena, dada? Hapa tuko ugenini, tunatafuta riziki. Siasa tumeziacha nyumbani."

"Nagombea kugawa nafasi. Vyenu vinaingia, vyetu vinabaki. Kila nikiuliza mnaniambia mei you, mei you, kama malaoban, wale wenye maduka sokoni, wasiotaka kukuuzia. Hakuna, hakuna. Kwa nini nafasi inakosekana kwetu tu?"

Wanawake wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Watu watagombana," alisema.

"Wagombane. Wanyooshe mikono, tuhesabu, halafu tutasoma Fatiha, na mimi nitakuwa wa kwanza kuinua viganja."

Si mtu mbaya, nisije nikamwonea. Amekesha na wagonjwa wetu hospitalini, amewapokea wageni uwanja wa ndege wa Baiyun wasiojua hata kusema maji kwa Kichina. Ila hajawahi kulazimika kutuomba kitu, na mtu asiyekuomba hakuoni.

Wakanyoosha. Waliomchagua yeye walikuwa wengi, ukumbi karibu mzima. Wangu walikuwa wanawake wa mlangoni, wanafunzi wawili waliokuja kufuata pilau, na Mkongomani mmoja aliyeambiwa ashushe mkono kwa sababu si mwanachama. Nilishindwa vizuri, mbele za watu, mchana kweupe.

Nikamwona katibu akiandika. Nilikwenda nikasimama nyuma yake. Alikuwa ameshaandika maneno ya kila mwaka: amepita bila kupingwa.

"Futa hapo," nilimwambia. "Andika majina mawili."

"Lakini dada, si umeshindwa?"

"Andika hivyo hivyo, kwamba nimeshindwa."

Alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, na kalamu ikapita juu ya yale maneno. Fatiha ikasomwa. Niliinua viganja vyangu kabla ya mtu yeyote, kama nilivyoahidi.

Wiki ile ile nilikuwa Zhongda nikivutana bei ya satini na laoban wangu, mwanamke mwenye kichwa kigumu kama changu, simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti. Hajawahi kunipigia, hata siku niliyougua.

"Dada, kontena tunapakia Alhamisi. Majora yenu yanataka nafasi kiasi gani? Nataka nijue kabla sijawagawia wengine."

Nilimtajia. Sikumpunguzia hata jora moja. Akarudia nilichosema, pole pole, kama anayeandika. Lakini hakukata simu.

"Na mwakani? Utagombea tena?"

"Nitagombea."

"Hata mizigo yenu ikiingia?"

"Hata ikiingia yote, Mwenyekiti."