Mwanangu Alinifungia kwa Kufuli, Eti Nipumzike

Nina miaka sitini na saba, na siku hiyo nilifungiwa ndani kama mbuzi. Aliyenifungia nimemzaa mwenyewe.

Nimeshavaa, mkoba begani, nafika getini: kufuli. Jipya, linang'aa.

Nikampigia simu.

"Mama, pumzika bwana. Watu wanasema nimeshindwa kukutunza."

Watu! Hao watu hawajawahi kuniletea hata kipande cha sabuni.

Asubuhi nashona mashuka ya hospitali, kwa mshahara. Mchana najitolea wodini, nakaa na wagonjwa wasio na ndugu. Kuna bibi mmoja haoni, hafungui mdomo kula mpaka asikie sauti yangu. Leo ale nini? Heshima ya mwanangu?

"Nifungulie," nikamwambia.

"Sasa ukienda, watoto watabaki na nani?"

Ahaa! Kumbe ndiyo hiyo pumzika yenyewe. Kufua, kupika, kudeki, na wajukuu wawili mgongoni. Yaya, yeye na mkewe walimwachisha kazi jana yake, eti kwa kuwa nimehamia kwao.

Nikakata simu. Ng'ambo ya barabara kuna fundi wa kuchomelea, mzee kunizidi, tunamwita Cheche.

"Mzee Cheche! Njoo unikatie kitu!"

Akaja na mashine yake, akalitazama kufuli.

"Shemeji, hili la kuzuia wezi?"

"La kuzuia mama mzazi."

Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akalikata.

Nikawachukua wajukuu, moja kwa moja mpaka ofisini kwa baba yao. Nikamkuta mkutanoni, tai imemkaba, anawahutubia wakubwa zake.

"Mama! Umefuata nini huku?"

"Nimekuletea wanao." Mdogo nikamketisha mezani, juu ya makaratasi. "Huyu abadilishwe nepi. Mimi nachelewa kazini."

Bosi wake, mwanamke wa makamo, akavua miwani.

"Huyu ndiye mama yako? Si ulituambia amepooza, ndiyo maana kila siku unaondoka mapema kwenda kumuuguza?"

Mwanangu akaanza kukusanya makaratasi.

Amepooza! Mimi, niliyepanda ngazi za ghorofa tatu na mtoto mgongoni!

Nikawageukia wote. "Nimepona," nikasema, nikaondoka zangu.

Mchana huo yule bibi alikula, akaomba aongezewe. Yaya mpya alianza kazi wiki ileile.

Nyie mnaotulazimisha wazazi wenu kupumzika, hebu kwanza tazameni nani anafua soksi zenu.